Yashika ya Macho Mawili

Mume wangu Faradji anakumbuka kila kamera aliyowahi kuishika, lakini majina ya wajukuu wake humchanganya. Ukimuuliza habari za ile Yashika ya macho mawili, atakuambia aliinunua kwa Mgiriki gani kule Kindu, mvua ilinyesha au haikunyesha, na mfuko wake wa ngozi ulinukia nini. Ukimuuliza jana alikula nini, atanigeukia mimi. Nimeishi na mtu huyo na masanduku yake ya kamera tangu nikiwa msichana, na kuna siku ningependa kuyapeleka yote Nyangwe nikayatupe mtoni, na yeye mwenyewe juu yake.

Siku walipokuja watu wa Kabambare niliamka na hasira hiyohiyo. Nilikuwa nimemwomba anisaidie kuanika karanga kabla jua halijawa kali. Yeye akatandika mkeka wake, akaanika vitu vyake. Kulikuwa na kipima nuru, kichujio cha manjano, flashi ya balbu yenye sahani ya kung'aa, na vifuniko vya lenzi, kila kimoja juu ya kitambaa chake. Katikati akaiweka Yashika, jicho la juu la kutazamia, jicho la chini la kupigia. Anasema vitu hivyo vikikaa gizani vinaota ukungu. Karanga pia zinaota ukungu, lakini karanga hazina mtetezi katika nyumba hii.

Ndipo pikipiki mbili zikaingia uani, zimejaa tope hadi kwenye taa. Ya kwanza ilikuwa ya kijana wa kukodi anayeitwa Pitchou, na nyuma yake alikaa mama mzee aliyekumbatia kitu bapa kilichofungwa ndani ya kitenge. Ya pili iliendeshwa na mwanamume mnene wa shati jeupe. Nyuma yake alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi, mikono imefungwa mbele kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Hodi hapa," akasema yule mnene. "Ni kwa Papa Faradji, mupiga-foto?"

"Ni hapa. Lakini hapa si kasho ya kufungia watu. Huyu mutu mumemufunga, amekosa nini?"

"Ndiyo tumekuja kujua, mama."

Akajitambulisha kuwa ni Jean-Marie, mwenye duka pale Kabambare, na mama mzee ni mama yake, Mama Marie. Mtu aliyefungwa alitokea juzi kwa njia ya Wamaza, kwa miguu, akabisha mlangoni kwao na kusema yeye ni Joël, mtoto wa kwanza wa Mama Marie, aliyepotea katika kukimbia vita ya pili, ile ya waasi. Wakati huo Jean-Marie alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Mtu yule alisema alivuka ziwa, akaishi kambini Tanzania miaka yote hii, na hakuwahi kupata wa kumpa habari za nyumbani.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha ni muongo."

Alilisema bila kupandisha sauti, na hapo nikaanza kuogopa. Mtu anayepiga kelele huchoka, lakini huyu hakuwa na dalili ya kuchoka. Akaeleza kwamba mwaka juzi alikuja mwingine akijiita Joël. Mama yake akalia kwa furaha, akamchinjia, akamlisha, na siku moja wakaamka wakakuta mgeni hayupo na mbuzi hawapo. Mama Marie aliugua karibu afe, si kwa ajili ya mbuzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wameumwa kwelikweli.

"Lakini huyu wa sasa amezidi yule," akasema Jean-Marie. "Huyu amejichanja. Yaya wangu Joël, mukubwa wangu, alikuwa na kovu, alianguka kwenye mungazi, muti ya mawese, kabla mimi sijakuwa na akili. Foto inaonyesha, kovu iko shavu ya kuume. Huyu, angalieni, iko ya kushoto. Wamemuambia kuna kovu, wakasahau kumuambia upande."

Nikamtazama yule mtu. Kweli, kovu refu lilishuka chini ya jicho lake la kushoto hadi karibu na mdomo. Shavu la kulia lilikuwa tupu.

"Vijana wa kwetu walikuwa wamekwisha kuokota majiwe," Jean-Marie akaendelea. "Akaanza kulia, anasema mumupeleke kwa mupiga-foto wa Kasongo, yeye atamujua. Nikakubali, mama asiseme kesho niliua mutoto wake bila kuuliza. Kama Papa Faradji hamujui, tunarudi naye Kabambare."

Hakuhitaji kueleza wanarudi kufanya nini. Majiwe yalikuwa yanangoja palepale yalipoachwa.

Yule mtu akapiga magoti mbele ya Mama Marie. "Mama, nishike tena. Nakuomba."

Mama Marie ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Akanyoosha mkono, akapapasa shavu la kulia polepole, toka kwenye jicho hadi kidevuni, akitafuta. Hakupata kitu. Akaurudisha mkono haraka na kuufuta kwenye kitenge chake.

"Upande huu, mama," akasema yule mtu, akimgeuzia shavu la kushoto.

"Sitaki!" akalia bibi. "Sishiki kovu ya kujichanja. Mutoto wangu nilimuangalia kwenye foto kila siku mpaka macho yakakufa. Najua upande yake."

Faradji alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia lenzi begani. Akasogea, akamwinamia yule mtu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, na mimi nikaomba moyoni amkumbuke, hata kwa kusingizia.

"Shikamoo, baba," akasema yule mtu. "Mimi ndiye Joël. Ulitupiga picha mwaka ule kabla ya vita, mimi na mdogo wangu."

"Munasikia?" akadakia Jean-Marie. "Shikamoo! Kabambare nani anasema vile?"

"Nilikupiga na kamera gani?" akauliza Faradji.

"Ile ya kutazama kwa juu, baba. Uliinama kama mtu anayechungulia mtungi."

Uso wa mume wangu ukang'aa, nami nikajua tumekwisha. Alikwenda kwenye mkeka, akarudi na Yashika mikononi. Akamfungulia yule mtu aliyefungwa kile kifuniko cha juu, akamwonyesha kioo cha ndani na lenzi ndogo ya kukuzia inayoruka kwa kidole. Akamwambia hakuna kamera nyingine iliyowahi kufika Kasongo yenye kioo kama hicho. Akasema zamani mtu alioga, akavaa, akakaa, akangoja, na leo wanajipiga hata wakiwa chooni. Akasema vita ilipofunga njia ya Bukavu filamu hazikuja tena, na njia ilipofunguka simu zilikuwa zimefika kabla yake. Mimi kioo hicho nakifahamu. Nilipokuwa bibi arusi alinitazamisha humo, nikaona mlango uliokuwa kushoto umehamia kulia, nikadhani ananichezea.

"Baba Zakaria!" nikamkatiza kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama ninavyomwita nikikasirika na nisipokasirika. "Mutu iko anatetemeka mbele yako, na wewe unamuonyesha kamera? Sema unamujua ao humujui!"

Akamtazama tena yule mtu, safari hii kwa aibu.

"Nilipiga watu wengi," akasema. "Kamera nakumbuka. Sura, hapana. Mulete foto."

Mama Marie akafungua kitenge. Ndani kulikuwa na fremu moja ya mbao yenye picha mbili chini ya kioo kimoja. Kushoto kijana mwenye kovu shavuni, kulia mtoto mwenye masikio makubwa ambaye ndiye huyu Jean-Marie wa leo, na wote wawili wanatazamana. Hivyo ndivyo inavyofanyika katika nyumba za kwetu. Picha za ndugu zikitundikwa ukutani lazima zitazamane. Zikipeana mgongo, watu wanaopita kusalimia wataanza kunong'ona kwamba nyumba hiyo inaita ugomvi.

Faradji akachukua kioo chake cha kukuzia, akakiweka kwenye jicho na kuinamia picha ya mtoto.

"Hii ni yangu."

Akahamia picha ya kijana. Akakaa hapo. Akaivuta fremu karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza kuelekea jua.

"Hii si yangu."

"Namna gani si yako?" akasema Jean-Marie. "Muhuri yako iko nyuma."

"Muhuri ni yangu, kazi si yangu. Nuru inatoka kuume. Studio yangu ilikuwa na dirisha moja, na dirisha iko kushoto ya mupiga-foto. Uliza bibi yangu huyu. Watu wote niliopiga wanaangalia kushoto."

Ni kweli. Picha zilizojaa kuta zetu ninazifuta vumbi mimi, na kila mmoja, awe bwana arusi au padri, anatazama upande huohuo kama walioitwa na mtu mmoja. Lakini hiyo ilikuwa siku ya kubishania madirisha? Nilitamani kumpiga kwa ungo wa karanga.

"Muzee," akasema Jean-Marie, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Sikukuja kwa ajili ya dirisha. Huyu mutu unamujua ao humujui?"

Mume wangu ana makosa mengi, lakini hasemi uongo. Nilimtazama kwa macho makali ili aseme uongo siku moja tu maishani mwake.

"Simujui," akasema.

"Tosha. Pitchou, washa."

Pikipiki ikaunguruma. Jean-Marie akamshika yule mtu chini ya kwapa kumwinua, na yule mtu akajikaza asiondoke. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mama," mara kwa mara, kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa kwa yule bibi ambaye hakuweza kuyaona. Nikawaza kwamba jioni nitakuwa nimekaa hapa nabambua karanga, na mtu huyu atakuwa amekwisha.

Kelele za pikipiki zilikuwa kubwa, na nadhani ni mimi peke yangu niliyemsikia Mama Marie, kwa sababu nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Alikuwa amekasirika. Si kwa ajili ya yule mtu, ni kwa ajili ya picha yake.

"Isiwe yake namna gani?" alikuwa akinung'unika. "Si mimi nilimurudishia? Si alinitukana?"

"Ulimurudishia nini, mama?"

"Foto! Ya kwanza ilikuwa mubaya."

"Zima!" nikampigia Pitchou kelele. "Zima hiyo kitu! Jean-Marie, mushushe huyo mutu! Mama, sema tena. Sema kwa nguvu, na huyu wangu asikie."

Pitchou akazima. Mama Marie akajiweka sawa na kumgeukia Faradji, au mahali alipodhani Faradji yuko.

"Wewe ulinipatia watoto wangu wote wawili wanaangalia upande moja. Nikatundika, mukubwa anapatia mudogo mugongo. Watu wakasema, Marie, hawa watagombana, mumoja atapotea. Nikarudi Kasongo na foto kwenye kichwa. Nikakuambia, sitaki watoto wanaopeana mugongo. Ukanitukana, eti mimi mwanamuke wa shamba najua nini juu ya nuru. Kisha ukaingia ndani, ukatoka na hii, nikafurahi wanaangaliana, sikutazama kingine. Sasa leo unasema si yako?"

Kitambaa kilimwanguka Faradji begani na hakukiokota.

"Niligeuza," akasema.

"Uligeuza nini?" akauliza Jean-Marie.

"Filme. Niligeuza filme ya mukubwa."

Nilimwelewa, maana nimelala na kazi hiyo ndani ya nyumba. Kipande cha filamu kina nyuso mbili, mmoja unang'aa na mmoja umefifia, na ukikilaza kwa uso usio wake, kila kilichokuwa kushoto kinatokea kulia. Anayetazama kushoto anatazama kulia. Dirisha linahama.

"Na kovu?" nikauliza.

Faradji alimtazama yule mtu, kisha fremu, kisha yule mtu tena.

"Maneno," akasema Jean-Marie. "Sasa hivi umesema humujui, sasa hivi umesema foto si yako, na sasa unakumbuka. Filme yenyewe iko wapi?"

"Ilioza. Mvua na panya."

"Unaona? Maneno tu. Mwaka juzi pia walikuja na maneno matamu. Mama yangu karibu akufe, Muzee! Sitamuzika juu ya maneno."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nisingeweza hata kumchukia. Ningekuwa mimi, mtoto pekee aliyebaki, ningemfungia mama yangu mlango hivyohivyo.

Mume wangu akasimama pale uani, ameikumbatia kamera yake tupu. Akaitazama. Akakifungua kile kifuniko cha juu, akachungulia ndani, akainua kichwa.

"Mama Zakaria," akaniambia, "fungua chumba ya studio."

Chumba hicho sasa ni ghala langu la mpunga. Dirisha lilipigiliwa mbao tangu wakati wa vita. Nikabomoa mbao kwa mwichi wa kutwangia, nikasukuma magunia kwa mgongo, na ile nuru ya zamani ikaingia kwa ubavu, imejaa vumbi la mpunga. Kigoda cha wateja kilikuwa bado kipo, nilikuwa nikikanyagia kufikia magunia ya juu. Faradji akafungua miguu mitatu ya kamera, mmoja umefungwa kwa waya, akaisimamisha mahali pake bila kupima. Visigino vyake vilipajua.

"Kaa," akamwambia yule mtu.

"Mikono musimufungue," akasema Jean-Marie.

"Usimufungue. Mikono haiingii kwenye foto."

Yule mtu akakaa. Faradji akamwambia ashushe kidevu kidogo, asimtazame yeye, atazame dirisha. Akageuza gurudumu dogo la ubavuni mbele na nyuma mpaka akaridhika. Mama Marie alisimama mlangoni, ameshika fremu kifuani, anauliza wanafanya nini.

"Filme hakuna," akasema Jean-Marie.

"Sihitaji filme. Hii kamera ina ugonjwa mumoja tangu izaliwe. Kwenye kioo chake, mutu anageuka. Chukua foto kwa mama yako, uishike kandokando. Halafu uiname hapa."

Jean-Marie hakutaka. Niliona hakutaka. Alimtazama yule mtu kigodani, akanitazama mimi, akaichukua fremu mikononi mwa mama yake, na mwishowe akainama juu ya kamera, shati lake jeupe limejaa vumbi la mpunga.

Nami nilichungulia kwa pembeni ya bega lake, Mungu anisamehe, nisingeweza kujizuia. Kioo kile ni kidogo, hakifiki kiganja, na pembe zake zimeota ukungu ambao Faradji ameshindwa kuufuta. Kwenye kioo kidogo namna hiyo makunyanzi hayaonekani, wala mvi. Alikuwemo humo kijana anayetazama kulia, nuru inamjia kutoka kulia, na kovu liko palepale lilipo kwenye fremu. Ulikuwa uso mmoja umewekwa mara mbili.

Jean-Marie hakuinuka. Huko nje Pitchou alikuwa anapiga mluzi.

"Unaona nini?" akauliza Mama Marie. "Jean-Marie, unaona nini?"

Chozi likaanguka juu ya kioo, kisha lingine. Mume wangu hajawahi kumruhusu mtu kugusa kioo kile hata kwa kidole kikavu. Mimi mwenyewe alininunia wiki nzima kwa sababu ya unga. Aliyaona machozi yakitua, akayaacha.

"Mama," akasema Jean-Marie, kichwa bado kimeinama ndani ya kamera. "Shika shavu ya upande ingine."

Nikamwongoza bibi hadi kigodani. Mkono wake ulikataa nusu ya njia, ukasimama hewani, nikausukuma kidogo. Vidole vikafika chini ya jicho la kushoto, vikalikuta kovu, vikalifuata kushuka hadi karibu na mdomo, na mwisho wa kovu vikapinda kidogo kuingia ndani bila kuambiwa, kwa sababu vilikuwa vimelijua kabla ya picha yoyote. Mama Marie akamshika uso kwa mikono yote miwili.

Joël alitaka kumshika mama yake. Aliinua mikono yote miwili pamoja, imefungwa, akashindwa kuizungusha, akabaki ameilaza juu ya kifua cha mama. Jean-Marie akapiga magoti mbele yao kuufungua ule mpira. Alikuwa ameufunga mwenyewe Kabambare kwa nguvu zake zote, na sasa mafundo hayakukubali.

"Nisamehe, yaya," alikuwa akisema, "nisamehe, ngoja, nisamehe," na anavuta, na mafundo yanazidi kukaza.

Nikaenda jikoni kuleta kisu.